Volta ya Rachide

Mizimu ya watu wengine huja usiku. Hugonga dirisha, hukaa kwenye ukingo wa kitanda, huvuta shuka. Rachide hakuwa na tabia hizo. Yeye alikuja saa nne asubuhi, jua likiwaka na watu wamejaa barabarani, naye alikuja kwa baiskeli. Kila Chaquir alipopanda ya kwake, hazikupita dakika mbili kabla hajasikia tairi nyingine ikiimba mchangani nyuma yake, umbali wa hatua tatu, hauzidi wala haupungui. Akipunguza mwendo, nayo inapunguza. Akikaza, nayo inakaza. Akigeuka haoni mtu, ila labda mwanamke mmoja na ndoo yake kichwani, anamtazama akijiuliza kijana huyu ana nini.

Kilichomtisha zaidi ni kule kuwa nyuma. Alipokuwa hai, Rachide hakuwahi kukaa nyuma ya mtu, na mji mzima wa Mocímboa da Praia ulilijua hilo. Sasa alikaa nyuma kama mtu anayengoja kuambiwa jambo. Chaquir alilijua jambo lenyewe, akawa hana kinywa cha kulisema.

Hawa wawili walikuwa ndugu wa ziwa moja. Mama yake Chaquir alifariki siku ya tatu baada ya kujifungua, na jirani yao Biubwa, ambaye alikuwa na Rachide wa miezi miwili kifuani, akanyoosha mikono akasema leteni. Hivyo tu, leteni. Akawanyonyesha wote wawili mpaka wakaota meno, na mashoga zake wakimtania kwamba ziwa la kulia ni la Rachide, la kushoto la Chaquir, na yeye mwenyewe kabaki na mifupa. Chaquir hakuwa na mama mwingine wala hakumtafuta. Alikula kwake, aliugua kwake, na fimbo zake zote za utotoni alizila kwake.

Baiskeli zililetwa na Bernardino, karani wa posta, mtu wa Beira. Ujanani alishindana kule Lourenço Marques kwenye pista, yaani ule uwanja wa mviringo wa kukimbizia baiskeli, mpaka alipoanguka akavunjika nyonga. Akahamishiwa kaskazini kwetu na mguu wake mfupi, akakuta vita. Msituni kulikuwa na wapiganaji, mjini askari wa Kireno kila kona, na wakubwa walitafuta kwa udi na uvumba chochote cha kuonyesha kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo Bernardino alipoandika kuomba baiskeli mbili za mashindano, ili kaskazini nako kutoke mtu wa kwenda kugombea ubingwa wa Msumbiji nzima, loo, jibu lilikuja upesi kuliko barua yoyote aliyowahi kuigonga muhuri.

Zikashushwa bandarini zimefungwa magunia. Watu walipozifungua walicheka wakashika mbavu. Hazikuwa na breki, hazikuwa na kengele, hazikuwa hata na mahali pa kupakia mtu. Mnyororo umeshikana na gurudumu moja kwa moja: gurudumu likienda na pedali zinakwenda, upende usipende, na ukitaka kusimama unashindana nazo kwa miguu mpaka zikubali. Mzee mmoja aliuliza kama hicho ni chombo cha kupanda au cha kujiulia. Watu wakazidi kucheka.

Bernardino akachora pista yake pembeni ya uwanja wa mpira, udongo ukashindiliwa, mazoezi yakaanza. Vijana kumi walijaribu, wakabaki wawili, wale wale wa ziwa moja. Alikuwa mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, nasema hivyo ingawa ubishi wa watu bado upo. Sheria yake kubwa ilikuwa lugha. Ndani ya pista ni Kireno peke yake. Ukiponyokwa na neno moja la Kiswahili, unaongezewa mizunguko kumi. Alisema waamuzi wa kusini hawajui lugha nyingine, lakini sababu ya kweli kila mtu aliijua. Kiswahili kilikuwa lugha ya ng'ambo ya Ruvuma na ya redio ya Dar es Salaam, na askari wasiokijua waliona kila neno lake linawasema wao. Hakutaka vijana wake wachukuliwe kwa sababu ya mdomo. Rachide aliongezewa mizunguko mingi mno, mpaka wenzake wakasema mbio zake zote zimetokana na umbea.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mzunguko mmoja wa pista unaitwa volta. Bernardino hakuwaambia watapiga volta ngapi. Alikaa kwenye kiti chake na kipande cha reli kimening'inizwa, na alipotaka iwe ya mwisho, alikigonga. Aliyeko mbele hasikii kitu, masikio yamejaa upepo. Anayesikia ni wa nyuma, na ni juu yake kumpasia mwenzake habari. Anapaza sauti: "Volta!" Wa mbele hageuki, haulizi, ananyanyuka kwenye kiti na kumwaga nguvu zote alizobakiza. Walifanya hivyo kila siku kwa mwaka mzima, Rachide mbele, Chaquir nyuma. Kwa Mreno neno hilo ni la njia mbili, ni mzunguko na pia ni kumwambia mtu arudi. Kwa vijana wetu lilikuwa na njia moja tu.

Barua ikaja kwamba kuna nafasi moja. Mmoja ataondoka kwa ndege, mmoja atabaki. Bernardino akatangaza mbio za kuamua, na wiki hiyo hiyo jeshi likaichukua pista kuegesha malori. Alilalamika mpaka akafukuzwa ofisini kwa kamanda. Mwisho akapewa kipande cha barabara ya kutokea mjini, kuanzia nyumba za mwisho hadi kwenye kizuizi cha askari. Pale kwenye kizuizi wakasimamisha pipa katikati ya njia. Unakwenda mpaka kwenye pipa, unalizunguka, unarudi, hiyo ni volta moja. Kupita pipa, hapana. Kule mbele kulikuwa na mabomu ardhini, na nani aliyatega hapakuwa na aliyejua, na asiyejua alikuwa na akili ya kutouliza.

Jambo la pili mlijue. Siku nne kabla ya hapo, muuza pweza mmoja alimwita mkewe aliyekuwa ng'ambo ya barabara pale kizuizini. Alimwita kwa sauti, kwa Kiswahili, kwamba amesahau kisu. Askari wakadhani anawaita watu wa msituni. Walimchukua, na hakurudi, na mkewe alikaa na kile kisu mapajani hata chakula hakikumpita kooni.

Siku ya mbio watu walijipanga njiani. Biubwa hakwenda. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa upande wa kizuizi, akasema yeye atabaki barazani na ukili wake, atakayeshinda atapita mlangoni ajulikane. Hakutaka kumshangilia mmoja mwingine akaona.

Volta ya kwanza, ya pili, ya tatu, Rachide mbele, Chaquir nyuma yake kama kamba. Ya nne, askari wawili kati ya watatu wa kizuizi wakaona pipa limekaa bure na wao wanahitaji kuchota maji. Wakalibingirisha wakaenda nalo kisimani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wenzangu. Hapakuwa na hila wala uadui, palikuwa na kiu. Akabaki mlinzi mmoja na bunduki yake kando ya njia.

Rachide alikuja ameinamisha kichwa, jasho limemfunga macho. Hakuona pipa, akadhani bado hajalifikia, akaendelea. Chaquir aliyekuwa nyuma aliona lile duara lililobaki mchangani pipa liliposimama. Alianza kupigana na pedali, na kinywa kikafunguka kumwita mwenzake, na hapo hapo macho yake yakakutana na ya mlinzi. Mlinzi alikuwa anamtazama, kidole kimekaa kwenye kifyatulio. Neno la kwanza lililopanda kooni kwa Chaquir lilikuwa rudi. Akalimeza.

"Volta!" akaita. "Volta!"

Rachide akanyanyuka kwenye kiti. Alikuwa hajachoka kumbe, alikuwa amejiwekea akiba, na aliimwaga yote. Watu waliokuwapo wanasema hawajapata kuona mtu anakimbia vizuri namna ile.

Kilichopatikana kilizikwa kabla ya alasiri. Biubwa alikiosha mwenyewe pamoja na wanawake, akakataa kusaidiwa kumfunika uso.

Watu wakanong'ona kwamba Chaquir alimpoteza mwenzake makusudi ili apate ndege. Hilo halikumuuma, kwa kuwa halikuwa kweli. Kilichomla ni kile ambacho hakuna aliyemtuhumu nacho. Mtu akishikwa na hofu huita kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo. Yeye alikuwa na nafasi ya kuchagua, akachagua, na alichookoa ni ngozi yake. Alitaka kumwambia Biubwa. Kila siku alikwenda akiwa amejiandaa, na kila siku Biubwa alimwekea sahani, na alipoiona sahani ile neno lilimkauka. Angelisema, angepoteza mama. Asiposema, alikula chakula cha mtu aliyemwibia. Akaanza kukonda.

Na tairi ile ikaanza kumfuata.

Miezi minane baada ya mazishi akapelekwa Lourenço Marques. Hakutaka, ila Bernardino alimshika mabega akamwambia kwamba asipokwenda, Rachide atakuwa amekufa bure bilashi. Basi akaenda. Akakuta pista ya saruji iliyoinuka kandokando mfano wa bakuli, majukwaa yamejaa Wazungu, na wapanda baiskeli saba pamoja naye waliofika fainali. Aliyetazamiwa kushinda alikuwa Germano, fundi wa reli mwenye mapaja ya kutisha, bingwa wa miaka miwili mfululizo. Walicheka viatu vya Chaquir. Yeye hakuwasikia, alikuwa anasikiliza kitu kingine.

Kwenye saruji tairi ile iliimba kwa sauti nyembamba zaidi. Kwenye volta ya kumi ilikuwa nyuma yake, kwenye ya kumi na tano ilikuwa nyuma yake. Kengele ya mwisho ikapigwa, mwamuzi akapaza sauti ile ile, neno lile lile, na Chaquir nywele zikamsimama. Akanyanyuka kwenye kiti akakimbia. Magazeti yaliandika kwamba kijana wa kaskazini alifukuzia ushindi. Uongo mtupu, kijana alikuwa anafukuzwa. Alimpita Germano bila kumwona, akapita mstari, na bado aliendelea kukimbia volta nyingine mbili, watu wakimpigia makofi wakidhani ni furaha. Wenzake sita walipokuwa wanapunguza mwendo alizihesabu tairi kwa masikio. Bila ya kwake zilikuwa saba.

Akavishwa medali. Bernardino alilia mpaka akatafutiwa maji. Bingwa wa Msumbiji akaomba kurudi nyumbani kwa ndege ya kesho yake.

Alifika kwa Biubwa baada ya adhuhuri. Alimkuta barazani anasuka mkeka, akamwamkia, akaitikiwa. Akatoa medali mfukoni akamnyooshea kwa mikono miwili. Biubwa aliiangalia bila kuishika.

"Iweke hapo," alisema.

Chaquir akaiweka juu ya ukili. Sahani yake ilikuwapo, imefunikwa kawa, kama siku zote. Akaiona, na safari hii akajua kwamba akiila ile hatakaa aseme mpaka kufa.

"Mama, siku ile aliyeita ni mimi."

"Uliita nini?"

"Volta."

Vidole vya Biubwa havikusimama. Akauliza kwa upole, kama anayeuliza habari za safari, neno hilo kwa lugha aliyomlea nayo ni lipi. Chaquir akasema ni rudi. Akaulizwa kama siku ile alikuwa amelisahau. Hapo alikuwa na majibu tele. Kulikuwa na sheria ya Bernardino, kulikuwa na mazoea ya mwaka mzima, na Kireno chenyewe kina maana hiyo pia, mwenye kutaka anaweza kukiuliza. Alikuwa amejipa majibu hayo miezi minane, na yalikuwa majibu mazuri.

"Sikulisahau," alisema. "Lilinijia, nikalimeza. Mlinzi alikuwa ananitazama, mama. Niliogopa kufanywa kama muuza pweza."

Biubwa alisuka mpaka mwisho wa mstari, akaukata ukili kwa meno. Kisha akasema kwamba kwa hiyo Rachide bado anazunguka. Ameambiwa umebaki mzunguko mmoja, naye anauendesha mpaka leo, kwa kuwa hakuna aliyemwambia basi.

Chaquir akainua kichwa. Habari ya ile tairi hakupata kumwambia mtu yeyote, si Bernardino, si huyu mama. Akaona kumbe na yeye anaisikia, kumbe wameisikia pamoja miezi yote hii, kila mmoja kimya chake. Akapata nafuu hata machozi yakamlengalenga.

"Nenda kamwite," Biubwa alisema. "Pale pale, mbele ya huyo huyo unayemwogopa. Na upaze sauti."

Akaenda kwa miguu. Pipa lilikuwa limerudishwa katikati ya njia. Mlinzi alikuwa mwingine, kijana mdogo mwenye chunusi, amekaa juu ya gunia la mchanga anachokonoa kiatu. Chaquir alisimama kwenye pipa akaitazama ile barabara ambayo majani yalikuwa yameanza kuifunika. Tusiseme uongo, kidogo ageuke. Akavuta pumzi.

"Rachide! Rudi! Rudi nyumbani, mama anakungoja!"

Mlinzi akaruka, bunduki mkononi. Alimfokea anyamaze, akamsukuma. Chaquir akaita tena, rudi, volta imekwisha, rudi. Kitako cha bunduki kikampata begani akapiga magoti, na akiwa pale chini akaita mara ya tatu. Mlinzi, sauti ikimtetemeka kuliko ya mwitaji, akauliza kwa Kireno anamwita nani. Chaquir akamjibu kwamba anamwita ndugu yake. Akaulizwa yuko wapi huyo ndugu. Akanyoosha kidole mbele, kule kwenye majani, ambako kwa muda mrefu hapakupita hata mbuzi. Yule kijana alitazama huko, akatazama kidole, akapiga ishara ya msalaba na kurudi nyuma hatua mbili.

Hapo Chaquir akaisikia. Ilianza mbali, nyembamba, ikakua. Tairi ikiimba mchangani, mnyororo ukigonga kidogo kama ulivyogonga wa Rachide kwa kuwa hakuupaka mafuta ipasavyo. Ilikuja moja kwa moja, ikampita kwenye bega lile lililopigwa, ubaridi ukamgusa sikio, ikaendelea kuelekea mjini. Kwa mara ya kwanza tangu azikwe, Rachide alikuwa mbele.

Alikimbia. Alikimbia akiwa ameshika bega, akilia na kucheka, na alipofika Biubwa alikuwa amesimama barazani, ameacha mkeka, ameelekeza uso kwenye kizuizi.

"Amepita, mama. Amekuja. Umemsikia?"

"Nani?"

"Rachide. Tairi yake. Ile tunayoisikia."

Biubwa akamtazama. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na Chaquir angefurahi kuiona.

"Mimi sijamsikia hata siku moja," alisema. "Mwanangu amekufa, nilimwosha kwa mikono yangu. Wafu hawazunguki."

"Sasa kwa nini ulinituma?"

"Siku ile nilikuwa nimekaa hapa hapa, Chaquir. Sauti yako inafika. Nilikusikia ukisema lile neno la Kireno, mara mbili, halafu nikasikia kishindo. Miezi minane nimejiuliza labda hofu ilimziba mtoto koo, labda lile jingine lilikuwa halitoki. Nikakupikia kwa ajili ya hiyo labda. Leo nilitaka nikusikie ukilisema."

Alikunja mkeka, akauweka kwapani.

"Kumbe ulikuwa unaweza," alisema, akaingia ndani.